Msiiite Kelele Kabla ya Kuisikiliza

Kipindi hiki cha redio kimezoea kuwaletea taarab, na wiki mbili tatu zikipita bila ya taarab najua mtanipigia simu. Leo naomba mnivumilie. Nimekuja na albamu ambayo ni kali kuliko muziki wowote ninaoujua kutoka Afrika Mashariki, na nimekuja kuitetea.

Albamu inaitwa Duma, na kundi lililoitengeneza nalo linaitwa Duma. Ni vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, mwimbaji, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mwenye gitaa na kompyuta. Jina hilo wamelitoa kwenye Kikuyu na maana yake ni giza. Yule mnyama mwenye mbio hahusiki. Walirekodi Kampala mwaka 2019, na albamu ikatoka Agosti 2020, wakati dunia nzima imefungiwa ndani na maradhi ya korona. Nyimbo zake ni tisa.

Nikwambieni kwanza mtakachokisikia, msije mkashtuka. Ngoma za kompyuta zinapigwa kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi. Gitaa limo, lakini limekwaruzwa na kukatwakatwa hata mara nyingi hulitambui kuwa ni gitaa. Chini kuna mvumo mzito usiotulia. Juu ya yote hayo kuna mtu anayepiga mayowe, ananguruma, ananong'ona, anahema mbele ya kipaza sauti. Kiitikio cha kuimba nacho hakuna. Pahala pa kupiga makofi hapapatikani kwa urahisi.

Mzee mmoja ninayemheshimu, jirani yangu, nilimsikilizisha dakika mbili akaniambia, "Mwanangu, hizi kelele. Zima." Nikazima, maana mkubwa akisema husemeshani naye. Lakini neno lile limenikaa, na mazungumzo ya leo ni jawabu langu kwake, kwa adabu zote, kwa kuwa najua saa hizi yuko barazani kwake na redio iko wazi.

Mzee wangu, nenda pale ufukweni mafundi wanapotengeneza vyombo. Fundi anashindilia pamba baina ya ubao na ubao, nyundo mkono huu, chuma cha kalafati mkono ule. Mpita njia anasikia kishindo tu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na akikaa karibu kichwa kinamuuma. Fundi mwenyewe anasikia pamba ilipokaza na ilipolegea. Mlio ukibadilika anajua kama asogee mbele au arudie palepale. Kishindo ni kimoja, waliokisikia ni wawili, na mmoja wao ndiye chombo chake hakiingii maji. Ninachoomba leo ni tuisikilize albamu hii kwa masikio ya fundi.

Muziki huu una nasaba yake, na nasaba tuitaje. Hevi metali ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Mwezi wa Februari 1970 kundi la Black Sabbath lilitoa albamu yake ya kwanza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati, na mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza nyuzi hizo ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito, na uzito ule ulioanzia kwenye jeraha la kibarua ukawa ndio alama ya muziki wenyewe. Mwaka 1987, katika mji huohuo, kundi la Napalm Death likatoa albamu ya Scum. Hao wakachukua uzito ule wakautia kasi isiyopata kusikika. Katika albamu hiyo umo wimbo usiofika hata sekunde mbili. Aina hiyo wakaiita graindikoo. Duma wanatoka kwenye tawi hilo.

Na sisi wa Unguja tusikae pembeni kama wageni wa habari hii. Tarehe 5 Septemba 1946, hapa Mjini, alizaliwa mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara. Familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Tangu 2019 pana makumbusho yake Shangani, na wageni wanapiga picha mlangoni. Wanachoelezwa wageni wale ni nyimbo zake zile kubwa za kila siku. Lakini mwaka 1974 kundi lake la Queen, katika albamu ya Sheer Heart Attack, lilipiga wimbo mfupi, wa mbio, gitaa limekaza kama linafukuzwa, unaitwa Stone Cold Crazy. Wajuzi wengi wa metali huuhesabu miongoni mwa nyimbo zilizofungua njia ya metali ya kasi. Mwaka 1991 Metallica, kundi kubwa kabisa la metali Marekani, walipewa tuzo ya Grammy kwa kuupiga upya wimbo huo. Anayeuimba mwanzo ni mzaliwa wa kisiwa hiki. Basi mtu akiniambia metali ni kitu cha mbali kisichotuhusu ndewe wala sikio, namwambia aende Shangani akasome jina lililo juu ya mlango.

Nairobi nayo ina habari zake. Katika miaka ya 2000 na 2010 palikuwa na vijana, wachache kwa idadi, waliokuwa wakikusanyika kwenye baa na kumbi ndogo za kukodi kupiga muziki huu: Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Lust of a Dying Breed. Hilo la mwisho ndilo alimoimba Khanja kabla ya Duma. Redio nyingi hazikuwapiga. Wafadhili hawakuwaona. Na kulikuwa na shaka nzito zaidi ya hizo. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, akamweka Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuwa mwenyekiti. Ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Katika nchi iliyoshughulishwa kiasi hicho na habari za shetani, kijana mwenye fulana nyeusi na gitaa la kunguruma hakuhitaji kufanya kosa lolote ili anyooshewe kidole. Vijana wale waliendelea. Walijifunza kwa kusikiliza, kwa kukosea mbele ya watu thelathini, kwa kuazimana spika. Albamu ya Duma imetoka kwenye ukaidi huo.

Sasa nije Kampala, maana Kampala ndipo palipoifanya albamu hii iwe kitu kipya. Kama wangebaki Nairobi wakapiga metali kama ya Birmingham, wangekuwa wanafunzi wazuri, na wanafunzi wazuri wa metali duniani wamejaa tele. Lebo iliyowachukua inaitwa Nyege Nyege Tapes. Najua jina hilo kwetu halitamkwi mbele za watu. Kwa Kiganda linasemwa kuwa ni ile hamu ya kucheza inayomshinda mtu, na hivyo ndivyo walivyokusudia. Nimelitaja mara moja kwa haki yake, kuanzia sasa nitasema lebo ya Kampala. Waliianzisha Arlen Dilsizian na Derek Debru, ambao mwaka 2015 walianza pia tamasha la muziki huko Jinja, kwenye chanzo cha Mto Nile. Wakubwa wa Uganda wamekwisha kujaribu kulipiga marufuku tamasha hilo zaidi ya mara moja, likapita.

Lebo hiyohiyo, mwaka 2017, ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Hapo mtanielewa haraka, kwa kuwa Sisso ni studio ya Mburahati, Dar es Salaam, na muziki uliomo ni singeli. Singeli hamhitaji kuelezwa. Inapigwa kwenye harusi zenu mpaka spika zinalia. Mnajua ilivyotoka kwenye mnanda na mchiriku, ngoma za Wazaramo zilizotiwa kinanda cha bei nafuu, zikaharakishwa, zikaharakishwa tena, mpaka leo kuna nyimbo za singeli zinazopita mapigo mia mbili kwa dakika, na nyingine zinakaribia mia tatu. Wakati Sam Karugu na Martin Khanja wanafika Kampala, nyumba ya kurekodia ya lebo hiyo ilikuwa tayari imezoea kasi ya Mburahati. Naisikia kasi hiyo ndani ya albamu yao. Ngoma za Duma hazitembei kama za Napalm Death, kigogo, kidogo, kigogo, kidogo, mfululizo usiogeuka. Zinachepuka, zinajikwaa kwa makusudi, zinarudi upande ambao hukuutarajia, kama mpigaji wa ngoma yetu anapowajaribu wachezaji.

Kuna jambo la sikio hapa ambalo napenda kulieleza, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Ukipiga ngoma mara mbili kwa sekunde, sikio linahesabu mapigo. Ukipiga mara nane, bado linahesabu lakini kwa tabu. Ukizidisha mpaka ukafika kiasi cha mapigo ishirini kwa sekunde, sikio linakata tamaa ya kuhesabu na linaanza kusikia sauti moja iliyonyooka, ya chini, kama mvumo. Ngoma imegeuka kuwa noti. Mkono wa mtu haufiki huko. Kompyuta inafika na inapita. Karugu anacheza kwenye mpaka huo. Anaipeleka ngoma mpaka inakaribia kuyeyuka, halafu anaivuta nyuma ikawa ngoma tena. Msikilizaji wa mara ya kwanza anasikia fujo. Akirudia, hasa kwa spika za masikioni, anaanza kutambua kwamba ile fujo inaingia na kutoka kwa wakati wake, na kwamba kuna mtu ameishika mkononi. Sikilizeni wimbo wa Lionsblood kwa nia hiyo. Kwangu mimi ndio kilele cha albamu nzima: mbio zake hazina huruma, na bado kila kitu kiko mahala pake.

Nimefika kwenye sauti ya Khanja, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaposema kijana huyu hajui kuimba.

Mayowe yale ni fani. Ukipiga kelele ovyo kwa koo lako la kila siku, kama mtu anayeita chombo kilichokwisha kuondoka, baada ya nusu saa sauti imekauka na kesho yake huwezi kusalimia. Waimbaji wa metali wanaimba saa nzima, usiku baada ya usiku, na asubuhi wanazungumza. Siri ni pumzi. Pumzi inasukumwa kutoka chini, tumboni, taratibu na kwa kipimo. Halafu juu ya zile nyuzi za sauti tunazosemea, ndani ya koo, kuna mikunjo mingine ya nyama ambayo kwa kawaida haifanyi kazi ya kusema. Mwimbaji anajifunza kuitikisa mikunjo hiyo huku nyuzi zenyewe zikipumzika kiasi. Ndipo unapotoka ule mngurumo. Kujifunza kunachukua miaka, na mwenye papara huumia koo. Khanja ana ngazi nyingi za sauti hiyo. Ana mngurumo wa chini kabisa, ana ukali wa juu kama chuma kinachokatwa, ana mnong'ono wa karibu unaotisha kuliko mayowe yote, na anahama kutoka ngazi hii kwenda ile ndani ya pumzi moja. Huo ni uimbaji. Ni uimbaji usiotafuta uzuri, na hilo ndilo geni kwa mtu aliyelelewa na taarab.

Je, ni geni kweli? Mie naona masikio yetu yanajua zaidi kuliko tunavyokiri. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa na sauti gani? Hakuna aliyemwita mwenye sauti ya asali. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, pana, na alipoifungua mbele ya ngoma yake ya unyago ilikuja na umri wote na moshi wote na safari zote. Mwaka 2005 wakuu wa muziki wa dunia walimpa tuzo ya WOMEX, na tuzo ile ilikuwa ya sauti hiyohiyo yenye mikwaruzo. Makame Faki wa Culture Musical Club watu walimpa jina la Sauti ya Zege, na lilikuwa jina la sifa. Tazameni na kidumbak yenyewe. Taarab ya ukumbini ina fidla nyingi, ganuni, udi, watu wamekaa. Kidumbak ina fidla moja, vidumbak viwili, mkwasa, cherewa, na lile sanduku la chai lililopinduliwa likatiwa mti na uzi. Uzi ukivutwa, mbao za sanduku zinalia, na mlio wake ni mbaya kwa makusudi. Halafu wapigaji wanaunganisha wimbo kwa wimbo bila kusimama, kasi inapanda kila hatua, mpaka mwisho wachezaji hawana habari na maneno tena, wanafuata ngoma tu. Anayejua raha ya saa ile ya mwisho wa kidumbak ana ufunguo wa albamu ya Duma mfukoni mwake.

Na pana jingine, nalisema kwa tahadhari. Wakubwa wenzangu mmepata kusikia ngoma za pepo, pungwa na kibuki, wengine kwa kupenda kwenda, wengine kwa kupita njia tu. Saa ya kupanda, mtu unayemjua, jirani yako, anatoa sauti isiyo yake. Inatoka chini, inatoka nzito, mwanamke ananguruma kama mwanamume mkubwa. Hukumu ya ngoma hizo masheikh wetu wamekwishaieleza, na mimi si wa kuongeza wala kupunguza. Nazungumza habari ya sikio pekee. Hakuna aliyekaa pale akasema yule mama hajui kuimba. Kila mtu alielewa kuwa sauti ile imekuja kubeba jambo ambalo sauti ya kawaida hailiwezi. Pwani hii imekuwa na nafasi ya sauti ya namna hiyo kwa vizazi vingi. Khanja hadai kupandwa na chochote. Ni msanii, amejifunza, anaimudu. Lakini anachokibeba kwa sauti hiyo, hasira, woga, msiba, dhiki ya kijana katika mji mkubwa usiomtaka, kingekuwa uongo kama angekiimba kwa sauti laini.

Kuhusu dini nisikwepe, maana najua simu zitakuja. Miongoni mwa nyimbo hizi tisa upo unaoitwa Pembe 666, na wasomaji wa vitabu wanaijua namba hiyo inasimama wapi kwa Wakristo. Metali imekuwa ikitumia alama za kutisha tangu siku yake ya kwanza. Black Sabbath wenyewe walichukua jina lao kutoka kwenye sinema ya kutisha. Mimi ni Muislamu, na sioni kuwa imani yangu inatikiswa na jina la wimbo. Aliye na moyo mzito juu ya hilo asiusikilize, na sitambeza. Upo pia wimbo mwingine, ambao jina lake sitalitamka hewani, kwa kuwa linasikika kama linamwambia mtu ajidhuru, na kuna wasikilizaji wadogo, na kuna wakubwa wenye nyoyo zilizochoka. Nasema wazi kuwa jina hilo silipendi. Kuisifu kazi ya mtu hakunilazimu kusifu kila alichoandika kwenye jalada. Na kijana yeyote anayenisikia akiwa na fikra za namna hiyo, aende kwa mtu anayemwamini usiku huuhuu, asingoje kesho.

Upungufu mwingine wa albamu ni wa kiufundi. Sauti zote zimesukumwa mbele kwa pamoja, na kufikia wimbo wa sita au wa saba sikio linachoka, kiasi kwamba mambo mazuri yaliyomo kule mwishoni yanakutana na msikilizaji aliyekwisha kuzidiwa. Ningelikuwa karibu nao ningeliwaomba wanyamaze kidogo katikati, wamwachie mtu apumue, ndipo wampige tena. Maneno nayo hayashikiki. Najua kwamba katika muziki huu neno ni sauti kwanza na maana baadaye, lakini sisi ni watu wa mashairi, tunataka angalau mstari mmoja wa kwenda nao nyumbani. Hapo Duma hawakutupa kitu.

Ubora wake lakini unazidi upungufu huo kwa mbali. Albamu hii haikujaribu kumfurahisha mtu wa metali wa Ulaya, wala haikujaribu kujipaka Uafrika wa kuuzia watalii: hakuna marimba ya urembo, hakuna kwaya iliyobandikwa. Uafrika Mashariki wake uko kwenye namna ngoma inavyofikiri. Ni jambo gumu kulifanya. Wanamuziki wengi wakubwa wa kwetu wameshindwa hapo, wakatoa kazi ambazo ni nusu huku na nusu kule. Duma, albamu ya kwanza tu, wamekipata kitu kizima.

Khanja hakuishia hapo. Mwaka 2021 alisikika kwenye albamu ya Tewari ya Mjapani anayejiita Scotch Rolex, iliyotengenezwa Kampala na kuwakusanya pia wasanii wa Uganda kama MC Yallah. Mwaka 2024 akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, chini ya lebo yake ya Haekalu, na akaitabaruku kwa bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima. Wanaoijua historia ya Kenya watakuwa wameinua vichwa. Muthoni alikuwa mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi-mashali, akakaa msituni mpaka uhuru wa 1963, akaziacha nywele zake za msituni bila kukatwa mpaka mwaka 2022. Alifariki 2023. Nilipojua hilo nilirudi kuisikiliza Duma upya. Ule ukali niliokuwa nikiuona kuwa ni wa kijana wa mjini ulianza kusikika kuwa na mizizi mirefu zaidi, ya watu waliowahi kulala msituni na baridi na njaa kwa ajili ya ardhi yao. Sidai kwamba kila yowe ni la Mau Mau. Nasema ukoo wa mtu humfuata hadi studio.

Sasa niseme na makundi mawili kabla muda haujanitupa.

Wazee wangu, na wewe jirani yangu wa barazani. Kijana akiwa na muziki huu masikioni, msimwone amepotea. Muulizeni anasikia nini. Mwambieni akuonyesheni ngoma iko wapi, gitaa liko wapi, pumzi inaingia wapi. Akiweza kueleza, jueni anasoma kitu, na anakisoma kwa bidii pengine kuliko anavyosoma skuli. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, palikuwa na watu mjini waliomwona mtoto wa shamba asiyestahili ukumbi. Nchi hii ilikwishawahi kukosea kupima mtu kabla ya kumsikiliza.

Vijana, nanyi msianze na albamu nzima. Anzeni na Lionsblood, na spika za masikioni, sauti ya wastani, maana masikio yakiharibika hayanunuliwi. Usikilizeni mara tatu: mara ya kwanza fuateni ngoma peke yake, mara ya pili pumzi ya mwimbaji, mara ya tatu acheni yote yaje pamoja. Kisha wekeni singeli ya Mburahati, kisha kidumbak ya zamani, halafu rudini kwa Duma.

Na wale wenye kompyuta na programu za kurekodia, nawajua mpo, hapa Mkokotoni na Tumbatu na Gamba, mnatengeneza midundo ya harusi usiku. Duma walikuwa watu wawili, gitaa moja na kompyuta. Hakuna mpaka leo, kwa ninavyojua mimi, aliyelichukua sanduku la kidumbak akalitia mkwaruzo mpaka likanguruma, akaiweka juu yake fidla iliyokatwakatwa, akatafuta sauti ya kuibeba. Vifaa vyote viko hapa kisiwani, na wapigaji wazee wa kidumbak bado wapo wa kukuonyesheni uzi unavyofungwa. Waendeeni wakiwa hai. Mkimaliza, ileteni kazi hapa redioni, hata kama imekaa vibaya, hata kama mama amekwambieni muizime. Nitaipiga yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuikata.